Unajenga gari la spoti nyumbani? Usinunue springi kabla ya kupiga hesabu hii

Ukiangalia video za watu wanaojenga magari nyumbani utaona kitu kimoja: injini ndiyo staa. Siku inapowashwa kwa mara ya kwanza majirani wanachungulia, moshi unatoka, watu wanapiga makofi. Hakuna anayepigia makofi bushi. Hakuna anayeposti boljointi.

Lakini injini ikigoma, gari linasimama tu pembeni ya barabara na unapiga simu. Mkono wa sasipensheni ukikatika ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, hiyo ni habari nyingine. Gurudumu linalala, usukani hausikii, na gari lenyewe ni jepesi, halina eabegi, halina hata mlango wa maana.

Kwa hiyo leo tunaacha injini. Tunaongelea vyuma vya chini: unavichaguaje kwa gari ambalo halijawahi kuwepo mpaka ulipolijenga wewe?

Tunazungumzia gari gani hasa

Uingereza ndiko utamaduni huu ulikoota mizizi. Mwaka 1957 Colin Chapman wa Lotus alitoa gari dogo linaloitwa Seven: viti viwili, pua ndefu, magurudumu ya mbele yako nje nje, uzito wa karibu nusu tani tu. Wengi walilinunua likiwa vipande na kujifungia wenyewe, kwa sababu wakati ule gari la kujiunganishia lilikwepa kodi ya mauzo ya huko. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ikachukua haki za kulitengeneza, na mpaka leo bado wanalitengeneza.

Kisha mwaka 1996 Ron Champion akatoa kitabu kilichowapagawisha mafundi wa gereji za nyumbani, Build Your Own Sports Car for as Little as £250. Wazo lake lilikuwa jepesi: chomelea chasisi yako mwenyewe kwa bomba za chuma za mraba za milimita 25, tafuta Ford Escort ya zamani iliyochoka, ichinje, chukua injini, gia, ekseli na breki. Magari ya aina hiyo yakapewa jina la Locost.

Escort hiyo siyo ngeni kwetu. Ndiyo iliyompa Hannu Mikkola ushindi wa Safari Rally mwaka 1972, na Björn Waldegård akarudia na Escort ya toleo la pili mwaka 1977. Mzee wako akikwambia zilikuwa ngumu kama jiwe, mwamini.

Shida ni kwamba Escort nzima nzima sasa ni mali ya wakusanyaji, bei yake haishikiki. Wajenzi wengi wamehamia kwenye Mazda MX-5, ile ndogo isiyo na paa iliyotoka mwaka 1989. Injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma, na kila gurudumu lina mikono miwili, wa juu na wa chini, mbele na nyuma. Hiyo ndiyo nitaitumia kama mfano hapa.

Anza na tairi, ndiyo, tairi

Najua ulitaka tuanze na koilova za rangi ya dhahabu. Subiri kidogo.

Kazi yote ya sasipensheni ni moja, kuhakikisha tairi inagusa lami vizuri muda wote. Ukishajua tairi, unajua kimo cha gurudumu. Ukijua rimu, unajua nafasi iliyobaki ndani kwa ajili ya breki na mikono. Ukibadilisha rimu baada ya kuchomelea kila kitu, unaweza kukuta boljointi inagusa rimu, na hapo ni grainda na machozi.

MX-5 ya kwanza ilitoka na tairi za 185/60 kwenye rimu za inchi 14, ikiwa na uzito wa kama kilo 950. Gari lako litakuwa na kilo 600 hivi. Sasa jiulize, kwa nini umfungie rimu za inchi 17 na tairi pana kama za lori? Gari jepesi halina uzito wa kuipasha joto tairi pana na ngumu. Unaishia na gari linaloonekana kali kwenye picha lakini linateleza asubuhi ya baridi.

Halafu rimu kubwa huwa nzito. Uzito wote ulio chini ya springi, yaani tairi, rimu, breki, habu, unapiga juu na chini kila ukikutana na shimo, na springi ndiyo inapaswa kuutuliza. Kwenye gari la tani moja na nusu, kilo tatu za ziada kwenye kila gurudumu hazisikiki sana. Kwenye la kilo 600 utazisikia mpaka kwenye meno.

Kitu kimoja cha kufurahisha: tundu za bolti za rimu za MX-5 hiyo ni nne kwenye duara la milimita 100. Ni sawa na za Vitz na IST zilizojaa mtaani kwetu. Escort yenyewe ilikuwa na nne kwenye milimita 108, kwa hiyo rimu hazibadilishani.

Nako usiiguse

Kuna kile kipande cha chuma kinachobeba beringi na habu, kinachoshikwa na boljointi juu na chini, ambacho usukani unakivuta kushoto na kulia. Mafundi wengi wanakiita nako.

Hapa ushauri wangu hauna mjadala: chukua nako ya gari ulilochinja, na uitumie kama ilivyo. Usiichomelee, usiikunje, usiikate ili "ikae vizuri". Kampuni ilitumia wahandisi, mashine za kupima na pesa nyingi kuhakikisha kipande hicho hakikatiki. Wewe una mashine ya kuchomelea na jioni ya Jumamosi.

Chukua na boljointi zake, mpya, siyo zile zilizokaa miaka 30. Mkia wa boljointi una umbo la koni, na tundu la nako limechongwa kwa koni hiyo hiyo. Ukileta boljointi ya gari jingine yenye koni tofauti, itaonekana imekaa kumbe imegusa kwenye ukingo mmoja tu. Inacheza kidogo kidogo, tundu linapanuka, halafu siku moja inatoka.

Mikono: urefu siyo wa kubahatisha

Ukitumia nako ya MX-5, njia salama ni kunakili pia mahali ambapo mikono ya MX-5 inashikwa kwenye chasisi. Pima gari zima kabla hujalichinja. Narudia: kabla. Watu wanakata kwanza wanapima baadaye, wanabaki na rundo la vyuma na hakuna anayekumbuka kipi kilikuwa wapi.

Ila mara nyingi chasisi yako itakuwa nyembamba kuliko MX-5, kwa hiyo utataka kuingiza kila kitu ndani. Hapo ndipo reki ya usukani inapokugeuka.

Iko hivi. Gurudumu linapopanda, mikono miwili inalizungusha kwenye mduara fulani. Tairodi ya usukani nayo inazunguka kwenye mduara wake. Miduara hiyo ikiendana, gurudumu linapanda na kushuka bila kugeuka. Isipoendana, kila ukipita tuta au shimo gurudumu linajigeuza lenyewe, bila wewe kugusa usukani. Ukiwa kwenye kona ya kasi na upande mmoja wa gari umelala, magurudumu yako yanaelekea kusiko.

Kwa hiyo ukisogeza sehemu za kushikia mikono kwa sentimita tano kila upande, ncha za ndani za reki nazo lazima zisogee sentimita tano kila upande. Hiyo maana yake ni reki fupi zaidi. Kuna watengenezaji wanaouza reki zilizofupishwa kwa kazi hii. Kurefusha au kufupisha tairodi peke yake hakutibu ugonjwa huu. Unaurekebisha mwelekeo wa gurudumu likiwa limetulia tu, kosa la kupanda na kushuka linabaki pale pale.

Namna ya kujua? Toa springi, funga mkono na shokapu tupu au uache wazi, simamisha kipande cha ubao kilichonyooka kwenye habu, kisha pandisha na kushusha gurudumu kwa jeki huku ukipima mbele na nyuma ya ubao. Vipimo visibadilike, au vibadilike kidogo sana. Kazi ya saa mbili. Fanya kabla ya kuchomelea moja kwa moja, ukiwa umeshika kwa tone tone tu.

Jambo jingine linalowakamata wengi ni usukani usiorudi katikati. Nguzo ya kufikirika inayopita boljointi ya juu na ya chini inatakiwa ilale nyuma kidogo kwa juu, kama uma wa mbele wa baiskeli. Mafundi wa alaimenti wanaita kasta. Gari jepesi linahitaji kasta ya kutosha, digrii tano sita hivi, la sivyo ukiachia usukani kwenye kona unabaki umepinda. Uingereza gari la kujijengea haliendi barabarani bila kupita ukaguzi unaoitwa IVA, ulioanza mwaka 2009, na kurudi kwa usukani ni moja ya vitu wanavyovitazama. Locost nyingi zilizojengwa kwa kufuata mchoro wa mwanzo zilihangaika hapo, na wajenzi wakalazimika kubadilisha mkono wa juu ili boljointi irudi nyuma zaidi.

Sasa springi, na ile hesabu

Hapa ndipo pesa nyingi inapotea. Mtu anaagiza springi "ngumu" kwa sababu ni gari la spoti, anafunga, gari linaruka ruka kama mbuzi, anaagiza nyingine. Mtaani kwetu wengine hata hawaagizi, wanakata springi kwa grainda ili gari lishuke. Tafadhali usifanye hivyo. Springi iliyokatwa haikai tena vizuri kwenye kikombe chake.

Unachohitaji ni vipimo vitatu.

Cha kwanza ni uzito unaokaa kwenye kila gurudumu, dereva akiwa ndani. Tuseme gari lako na wewe ni kilo 680, na limegawanyika nusu kwa nusu mbele na nyuma. Kila kona ni kilo 170. Toa kilo 30 hivi za gurudumu, breki na habu, ambazo springi haizibebi. Zimebaki 140.

Cha pili ni unataka gari litikisike kwa kasi gani. Bonyeza boneti ya gari lolote halafu uachie: linapanda na kushuka. Magari ya kawaida ya familia yako kwenye mtikisiko mmoja hadi mmoja na nusu kwa sekunde, kama shokapu zisingekuwepo. Gari la spoti la barabarani liko kati ya 1.5 na 2. Ya mbio yenye mabawa ya kukandamiza hewa yanapita 3, lakini hayo yanapita kwenye lami kama kioo. Sisi tuchukue 1.7 kwa mbele.

Kuna njia ya mkato ambayo ningependa ningefundishwa shuleni. Chukua 250, igawanye kwa 1.7 mara 1.7. Unapata karibu 86. Hizo ni milimita ambazo gurudumu linatakiwa lizame kwa uzito wake lenyewe. Kilo 140 ukizigawanya kwa milimita 86 unapata kilo 1.63 kwa kila milimita. Huo ndio ugumu unaotakiwa pale kwenye gurudumu.

Pale kwenye gurudumu, siyo pale kwenye springi. Wengi wanaishia hapa na kukosea.

Springi haikai kwenye gurudumu. Inakaa katikati ya mkono na tena imelala. Kwa hiyo kipimo cha tatu: pandisha gurudumu kwa jeki milimita 10 na upime shokapu imefupika kiasi gani. Tuseme 7. Uwiano wako ni 0.7. Unazidisha kwa yenyewe, 0.7 mara 0.7, unapata 0.49. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu springi inaonewa kwa njia mbili: inasogea kidogo kuliko gurudumu, na nguvu yake inapitia wenzo kabla ya kufika kwenye gurudumu.

Kilo 1.63 gawanya kwa 0.49: karibu kilo 3.3 kwa milimita. Springi nyingi za Kijapani zinaandikwa kwa kilo kwa milimita, kwa hiyo unaweza kusoma moja kwa moja. Za Kiingereza na Kimarekani zinaandikwa pauni kwa inchi. Zidisha kwa 56, unapata kama 186. Madukani zinakwenda kwa hatua, 175 kisha 200. Ya 175 itakupa mtikisiko 1.65, ya 200 itakupa 1.76. Zote zinafaa. Ukiwa unaishi kwenye barabara mbovu, chukua 175 na usione aibu.

Linganisha na yule jamaa aliyeagiza 350 kwa sababu rafiki yake alimwambia "ngumu ndiyo mpango". Gari lake litatikisika mara 2.3 kwa sekunde. Na kuna tatizo jingine baya zaidi ambalo hatalijua mpaka alione.

Springi inayoachia

Tuendelee na mfano wetu. Mzigo kwenye springi yenyewe ni 140 gawanya kwa 0.7, yaani kilo 200. Springi ya 200, ambayo ni kilo 3.57 kwa milimita, itabanwa milimita 56 gari likiwa limesimama. Ile ya 350 itabanwa 32 tu.

Sasa gari linapita kwenye tuta na gurudumu linaning'inia chini kwa sentimita tano. Shokapu inarefuka milimita 35. Springi ya 200 bado imebanwa milimita 21, imetulia mahali pake. Ya 350 imeshaachia. Inabaki hewani milimita tatu, inacheza kwenye kikombe, na gari likitua inagonga chuma kwa chuma. Kuna springi ndogo za msaada za kuziba hilo pengo, lakini unanunua dawa ya ugonjwa uliojitakia.

Upande wa pili angalia pia. Gurudumu likipanda sentimita sita, shokapu inaingia milimita 42 zaidi. Jumlisha na 56, springi inatakiwa ikubali kubanwa milimita 98 kabla koili hazijagusana. Muulize muuzaji swali hilo. Asipojua jibu, tafuta muuzaji mwingine.

Usisahau abiria. Kwenye gari la kilo 680, rafiki wa kilo 80 ni zaidi ya asilimia kumi ya uzito mzima, na anakaa karibu na ekseli ya nyuma. Tangi la mafuta pia liko huko. Kwa hiyo ya nyuma pima ukiwa peke yako, kisha pima na mtu pembeni na tangi limejaa, halafu chagua springi inayovumilia hali zote mbili.

Kawaida ya nyuma hupewa mtikisiko wa haraka kidogo kuliko mbele, tuseme 1.85. Maurice Olley, mhandisi aliyetoka Rolls-Royce akaenda General Motors, ndiye aliyelieleza hili vizuri miaka ya 1930. Magurudumu ya mbele yanakutana na tuta kwanza, ya nyuma yanachelewa. Nyuma ikitikisika haraka kidogo inaifikia mbele, na gari linatulia likiwa limenyooka badala ya kuyumba kama mashua.

Shokapu: usichukue za gari ulilochinja

Springi inabeba gari. Shokapu haibebi kitu, kazi yake ni kuua mtikisiko. Ndiyo maana gari lenye shokapu zilizokufa halishuki, linadunda tu.

Shokapu ya gari la kilo 950 imepangwa ndani kwa ajili ya uzito na springi za gari hilo. Ukiifunga kwenye la kilo 600 inakuwa na nguvu kupita kiasi kwa kazi yake, hasa wakati wa kurefuka. Gurudumu likizama kwenye shimo linachelewa kutoka, linakutana na shimo la pili kabla halijarudi chini, na hapo tairi haigusi lami sawasawa. Dereva anasema gari ni "gumu", anabadilisha springi, hakuna kinachobadilika.

Nunua shokapu zilizotengenezwa kwa magari mepesi, springi ikiwa imevaa juu yake na kikombe cha chini kina uzi wa kupandisha na kushusha. Yenye kitasa kimoja cha kurekebisha inatosha kabisa. Zile za vitasa vitatu vinne ni za watu wenye injinia pembeni na siku nzima ya mazoezi. Wengine tunageuza tu mpaka tunapotea.

Dalili ya muuzaji mzuri: kabla hajataja bei anakuuliza uzito wa kila kona, uwiano wako na urefu wa shokapu gari likiwa limesimama. Anayekuuliza rangi kwanza, mmh.

Angalia na aina. Shokapu za mirija miwili haziruhusu kufungwa kichwa chini miguu juu, hewa inaingia kwenye mafuta. Za mrija mmoja zenye gesi zinaruhusu. Na kabla ya kufika mwisho wa safari yake, shokapu lazima ikutane na mpira wa kuzuia. Chasisi ya bomba nyembamba ikipokea pigo la chuma kwa chuma, inapinda au inachanika kwenye maungio.

Rodi endi: urembo unaoua

Sasa niseme lililonifanya niandike makala hii.

Kuna kile kiungo chenye mpira wa chuma unaozunguka ndani ya pete, na mkia wenye uzi wa kurekebisha urefu. Wanakiita rodi endi. Kinang'aa, kinaonekana cha magari ya mbio, na kila anayejenga gari anatamani kukiweka kila mahali.

Rodi endi ni imara sana ukiivuta au kuisukuma kwa urefu wake. Lakini mkia wake una uzi, na kila mfereji wa uzi ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Ukiupinda, unaanza kuchanika kidogo kidogo, hauoni, na siku moja unakatika mara moja bila onyo. Kosa linalorudiwa ni kuiweka kwenye ncha ya nje ya mkono wa chini, ule unaobeba springi. Pale uzito wa gari, breki na mashimo vyote vinaupinda ule mkia. Mahali pale panahitaji boljointi ya kweli iliyofungwa kwenye bamba imara.

Ukitaka kutumia rodi endi kwenye mkono wa juu usiobeba springi, sawa. Ila bolti yake ishikwe pande zote mbili, na uweke washa kubwa kuliko tundu la pete, ili hata mpira ukichomoka mkono usiondoke. Na jua kwamba zinachukia vumbi. Kwa gari la barabarani, upande wa chasisi weka bushi za mpira au za poli. Hazina urembo, lakini miaka mitano baadaye bado zipo.

Bolti nazo zina lugha yao. Tazama kichwani: 8.8, 10.9, 12.9. Nane nukta nane ya kutoka kwa muuzaji anayeaminika inatosha sehemu nyingi, kwa sababu ina nguvu na pia inapinda kabla ya kukatika, kwa hiyo inakuonya. Bolti za chuma cha pua, zile zisizoshika kutu, usizilete kwenye sasipensheni. Za kawaida za dukani zinaanza kunyooka mapema zaidi. Na hakikisha sehemu inayokaa ndani ya mabano ni ile laini, siyo uzi. Nunua bolti ndefu kisha kata mkia uliozidi.

Mabano yenyewe yachomelewe pale bomba zinapokutana. Bomba la mraba la milimita 25 lenye ukuta wa milimita 1.6 lina nguvu sana kwenye maungio, lakini ukiliwekea shokapu katikati linapinda kama fimbo.

Kabla hujaondoka nyumbani

Stabilaiza iache kwanza. Gari hili liko chini na ni jepesi, wengi wanaendesha bila hiyo. Ukiona baadaye linalala sana kwenye kona, ongeza ya mbele nyembamba.

Kaza bolti za bushi za mpira gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake na mtu yuko ndani, siyo likiwa juu ya stendi. Ukizikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira unabaki umejinyonga muda wote na utachanika mapema.

Kisha chukua rangi ya kucha, nyekundu ni nzuri zaidi, na upige mstari mmoja unaopita kwenye kila nati mpaka kwenye bano. Endesha kilomita 50 za taratibu karibu na nyumbani, rudi, lala chini na tochi ya simu. Mstari uliovunjika maana yake nati imezunguka. Rudia kwenye kilomita 200, na tena kwenye 500, kisha peleka gari kwenye alaimenti ukiwa umekaa ndani wakati wanapima.